Papa wa Kiwanda Alipokula Mali

Mpwa wangu alirudi juzi kutoka semina ya viongozi wa kazi, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni, na kabla hajakaa vizuri alikuwa ameshaanza kunifundisha. Kampuni inayokua, akasema, lazima imweke mtu mbele. Mkubwa mwema huwafanya wafanyakazi wake wajisikie familia moja. Nilimwacha anywe chai yake mpaka mwisho, kisha nikamwambia kwamba neno hilo lisitajwe tena ndani ya nyumba yangu. Alicheka, akidhani namtania. Aliponitazama usoni aliacha kucheka.

Semina zake sina shida nazo. Ugomvi wangu ni na hilo neno moja, familia, kwa sababu nimelisikia likitoka katika kinywa cha mtu aliyejua kulitumia, na nimeona lilimfanya nini msichana mmoja. Yalitokea hapa hapa Bukavu, enzi za Zaïre, nilipokuwa sekreteri wa kiwanda cha sabuni. Mwenye kiwanda amekwisha kufa, na najua wapo wanaoona haya kumsema vibaya marehemu. Mimi sioni haya yoyote. Alipokuwa hai alizungumza peke yake, sisi tukipiga makofi. Sasa na mimi nizungumze kidogo.

Alianzia nyuma ya nyumba yake, na mapipa ya kupikia na waya wa kukatia miche. Nilipoajiriwa, kiwanda kilikuwa kimeshahamia kwenye hangari kubwa katika mteremko wa kushuka mto Ruzizi, kina lori lake, kina mlinzi mwenye kofia, na mafuta ya mawese yalikuwa yakitufikia kutoka Mwenga na Shabunda kwa njia ambazo afadhali nisizieleze. Sabuni yetu iliuzwa hadi Uvira. Ilikuwa sabuni nzuri, hilo sitamnyima.

Kisha akaenda Kinshasa kwenye mafunzo ya wakurugenzi, akarudi na maneno. Jambo la kwanza alimwita mchoraji, akamwamuru aandike kwenye ukuta wa mbele, kwa rangi nyekundu: MTU KWANZA. Jambo la pili alikataa kuitwa citoyen. Wakati ule serikali ilikuwa imeshafuta bwana na bibi, kila mmoja wetu alikuwa citoyen au citoyenne, yaani raia, na wakubwa walivaa abakosti, lile koti la kola lisilofungiwa tai. Abakosti aliivaa, tena ya kitambaa kizuri. Lakini jina aliona halimtoshi.

"Citoyen ni ya Leta," alituambia, akimaanisha serikali. "Hapa hakuna patroni, hakuna citoyen. Hapa iko papa na batoto yake."

Basi tukamwita Papa. Wazee waliomzidi umri, wenye mvi na wajukuu, walimwita Papa. Miaka mingi baadaye niliposafiri mpaka Dar es Salaam nilikuta kwamba watu wa pwani wakisema papa wanamaanisha yule samaki mkubwa mwenye meno. Nilicheka peke yangu sokoni mpaka muuza samaki akaniuliza kama ni mgonjwa.

Kila Jumamosi, ambayo sisi huiita siku ya posho, kazi ilisimama kabla ya saa ya kufunga. Tuliketi juu ya makreti, yeye juu ya kiti, na kikao kilianza. Tuliimba kwanza wimbo wa kiwanda, na kucheza, maana zama zile hukuweza kufungua hata duka la misumari bila watu kuimba na kukata kiuno mbele ya mkubwa. Halafu aliuliza, kwa sauti laini kama ya padri katika kitubio: "Nani iko na kitu mu roho? Aseme. Hapa tuko kwetu."

Mwanzoni watu walisema. Mpishi wa sabuni, mwanaume wa heshima, alisema mbele yetu sote kwamba mke wake amemwacha na nyumba imekuwa baridi. Papa alisimama, akamkumbatia, tukalia wote. Baada ya muda kidogo mpishi huyo aliomba awekwe mkubwa wa wapishi, kwa kuwa ndiye aliyeijua kazi kuliko wengine. Jibu nililisikia kwa masikio yangu kupitia mlango wa ofisi: "Mutu anashindwa bibi moja, ataweza kuongoza banaume?" Hivyo ndivyo roho zetu zilivyotumika. Ulichokisema siku ya posho kilikusubiri mahali.

Saa za ziada nazo zilitoweka. Ukiuliza kwa nini umebakishwa mpaka giza, alikutazama kwa huzuni, kichwa upande: "Tangu lini mutoto anamuuliza papa yake saa ngapi?" Akija kukuona hospitali alikuja na mkate, na mkate huo ungeusikia ukitajwa katika kikao mpaka utamani kama usingepona. Nilimchukia mapema kuliko wenzangu. Sijui kwa nini, labda kwa sababu mimi baba yangu nilikuwa naye bado, mzee mkali asiyejua kukumbatia, na nilijua baba wa kweli hana haja ya kujitangaza kwa rangi nyekundu.

Yule msichana hakuwa na baba. Alikuwa anatoka Miti, juu huko kwenye njia ya Kavumu. Baba yake alipokufa, ndugu za baba waligawana shamba na wakamwambia akatafute watu wa mama yake. Mama naye alikuwa amezikwa zamani. Alishuka mjini na kitenge kimoja na kingine cha kufungia vitu. Kazi yake kiwandani ilikuwa kugonga muhuri: unaweka mche wa sabuni katika kibao, unashusha chuma, jina la kiwanda linabaki juu yake. Alikaa karibu na dirisha langu, na mlio wa kile chuma niliuzoea hata nikawa siusikii mpaka anyamaze.

Alikuwa mcheshi, mwenye kuiga sauti za watu. Alimwiga hata Papa, kichwa upande na kila kitu, tukacheka kwa kuziba midomo. Lakini siku moja ya posho Papa alisema, akimtazama yeye hasa: "Mwenye hana papa, papa yake ni miye." Tangu siku ile hakumwiga tena. Niliona jambo hilo na halikunipendeza.

Hapa lazima nieleze kitu kwa wasiotoka kwetu. Msichana akiolewa, watu wa mume huleta mali: ng'ombe, mbuzi, pombe ya ndizi. Anayeipokea tunasema amekula mali. Na aliyekula mali amechukua mzigo. Binti akipigwa huko alikoolewa, akinyimwa chakula, akitukanwa kupita kiasi, anafunga vitu vyake anarudi kwa aliyekula mali yake, na huyo hawezi kumfungia mlango. Ataitwa mume, ataulizwa, atatozwa faini, au mali itarudishwa na binti atakuwa huru. Mwanamke ambaye hakuna mtu aliyekula mali yake anaolewa kama mtu aliyeokotwa njiani. Mume anajua hana pa kwenda. Majirani wanajua pia.

Kwa hiyo mchumba alipojitokeza, mwanaume wa Luvungi aliyekuwa akileta mihogo na mchele sokoni, msichana hakulala vizuri kwa kufikiria swali moja tu. Wazee wa mume wangemuuliza: kwenu ni wapi? Aliniambia mwenyewe, tukiwa tunakula maharage nyuma ya hangari. Nilimshauri awaendee ndugu za baba kule Miti, hata kama ni wabaya, waje wasimame.

"Bale?" akasema. "Bale bakikula mali yangu, nikirudi batanifukuza mara ya pili. Hapana, dada. Miye niko na papa."

Nilifikiri anasema Papa wa mbinguni.

Wazee wa Luvungi walifika asubuhi ya siku ya kazi, wamevaa makoti, wakiwa na mbuzi na madumu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, yaliyofungwa kwa majani ya migomba. Mlinzi aliwazuia mlangoni, akawaambia wauzaji wapitie nyuma. Mkubwa wao alivua kofia na kusema kwa adabu: "Hatuuzishe kitu. Tunatafuta papa ya binti mumoja. Alituambia papa yake iko hapa, iko anapika sabuni."

Mimi ndiye niliyeingia ofisini kumpasha habari. Papa alinitazama, akatazama dirishani, akawaona wazee wamekaa juu ya makreti yetu, mbuzi wanakula karatasi za kufungia sabuni, na wafanyakazi wote wamesimama wakiwa na mikono yenye povu. Yule msichana alikuwa mbele yao, amejifunga kitenge kipya, amepiga magoti chini kama inavyompasa binti wageni wake wanapofika. Papa angeweza kutoka na kusema ukweli. Angeweza kusema, jamani, hilo lilikuwa neno la kazini tu, mimi si baba wa mtu huyu, twendeni pamoja Miti tuwaone wenye damu yake. Ningemheshimu mpaka leo.

Akarekebisha kola ya abakosti, akatoka na mikono wazi. "Karibuni kwetu," akasema.

Na kwa kweli alijadiliana kama baba, tena baba mchoyo. Wazee walianza na ng'ombe mmoja. Akasema binti huyu amefundishwa mashine. (Mashine! Kipande cha chuma chenye mpini.) Akasema anajua saa, anajua usafi, amekulia katika nidhamu ya kampuni inayokua. Alizungumza juu yake kama anavyozungumza na wateja wa Uvira juu ya sabuni, inatoa povu, haikaushi mikono. Wazee wakakuna vichwa, wakaongeza ng'ombe wa pili na dume la mbuzi. Tukapiga vigelegele. Hata mimi nilipiga, kwa ajili ya msichana, kwa sababu uso wake ulikuwa uking'aa na sikuwa na moyo wa kumharibia.

"Dada," alininong'oneza, machozi yakimtoka, "sasa na miye niko na kwetu."

Ng'ombe walipelekwa malishoni kwa Papa, kule Kabare. Picha ya arusi ilitundikwa ofisini juu ya meza yangu: bibi arusi, mume, na kati yao Papa, tumbo mbele. Kila mgeni aliyefika, watu wa benki, watu wa wizara, alionyeshwa picha hiyo kabla ya kuonyeshwa mapipa. "Huyu ni mufanyakazi," alisema, "lakini miye ndiye nilimuolesha. Hapa tunaanza na mutu." Wageni walitikisa vichwa kwa kuguswa. Benki ilitoa mkopo, hangari la pili likajengwa, na ng'ombe mmoja alipozaa ndama dume, ndama huyo alichinjwa kwenye sherehe ya kulifungua. Nilipewa kipande cha paja. Sikukila.

Msichana alirudi msimu wa mvua, amepanda juu ya gari la mihogo. Hakuja kiwandani. Alifanya kama desturi inavyotaka: alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa baba, yaani kwa Papa, kule Muhumba, mtaa wa matajiri, kwenye majani yaliyokatwa na ukuta wenye vigae, akaingia kwa mlango wa nyuma, akaketi jikoni na mzigo wake mapajani, akasubiri. Taya lilikuwa limevimba upande mmoja. Mke wa Papa, ambaye hakuna aliyemuuliza lolote siku mali ilipoliwa, alituma mtu kiwandani kusema kuna binti jikoni anadai ni wake.

Papa aliniita. Mambo ya wanawake, kwa maoni yake, yalikuwa kazi ya sekreteri, pamoja na kahawa. "Enda umusemeshe," akasema. "Umuambie bwana ni bwana. Arudi."

"Papa," nikasema, "mali ulikula weye."

"Nilisaidia tu. Ilikuwa geste ya upendo."

"Ngombe ziko Kabare, Papa. Geste haizae ndama."

Alinifukuza ofisini, akapiga mlango. Nilikwenda Muhumba hata hivyo, lakini si kwa ujumbe wake. Nilimkuta msichana ameketi wima jikoni, na aliponiona alijaribu kutabasamu kwa upande usiouma. Hakuwa na wasiwasi. Hilo ndilo lililonichoma. Aliniambia kwamba mume alianza kumpiga mara tu mvua zilipochelewa na mchele kuharibika, kwamba siku ya mwisho alimpiga kwa mpini wa jembe, na kwamba alipokuwa akifunga mzigo mume alimcheka na kumuuliza unaenda wapi, we mtoto wa sabuni. "Nikamuambia, naenda kwetu. Akanyamaza, dada. Kweli akanyamaza."

Watu wa mume walikuja wiki iliyofuata kudai mke au ng'ombe. Nilijua Papa hatarudisha ng'ombe, naye alijua kwamba akimrudisha msichana kwa nguvu mji mzima utasema, na benki ilikuwa bado inasikiliza. Hapo ndipo nilipokubali kwamba ni mtu mwenye akili. Aliwakaribisha wazee, akawanywesha bia, akawaambia binti amekuja kuwasalimia wazazi na kupumzika, kuna haraka gani. Faini hakudai, mume hakumwita, swali la mpini wa jembe hakulitaja. Wakaondoka na sabuni. Ng'ombe wakabaki, na binti akabaki.

Taya lilipopona, msichana aliomba arudi kwenye chuma chake kiwandani. Papa alishtuka kama aliyetukanwa. "Binti ya nyumba yangu akagonge muhuri mbele ya batu? Bataniona namna gani?" Kwa hiyo akabaki Muhumba. Mpishi wa nyumbani aliachishwa kazi, kwa kuwa sasa kulikuwa na binti. Mfua nguo naye hakuitwa tena. Msichana alipouliza kwa sauti ya chini juu ya mshahara, alijibiwa kwa kicheko kikubwa cha upendo: tangu lini mtoto analipwa na baba yake kwa kuosha vyombo vya kwao?

Siku moja ya posho akamleta kikaoni. Alimsimamisha kando ya kiti chake, mkono begani, akatuhutubia. Mtoto huyu, akasema, alipata taabu huko alikoolewa. Je, alikimbilia wapi? Alikimbilia serikalini? Alikimbilia kanisani? Alikimbilia kwao! Hii ndiyo maana ya mtu kwanza. Watu wakapiga makofi. Damu ilinichemka hata nikaona vibaya. Msichana alikuwa akitazama vidole vya miguu yake, na mikono yake, ambayo alikuwa akiificha nyuma, ilikuwa imepasuka kwa maji ya kufulia.

Nilikuwa nikipeleka karatasi za kusaini Muhumba, na kila mara nilipita jikoni. Kila mara alikuwa amepungua. Sauti za watu alikuwa haigi tena. Siku moja, akimenya ndizi, aliniambia bila kuinua kichwa: "Kule nilikuwa napigwa, lakini nilikuwa na shamba yangu. Nikilima maharage, ni yangu. Hapa hakuna mwenye ananipiga. Lakini hata nikitaka sabuni ya kuoga, naomba."

Nikamwambia ukweli, kwamba amedanganywa, na kwamba aliyemdanganya anajua. Aliacha kumenya. Akaniuliza kama kikao bado kinafanyika siku ya posho, na kama Papa bado anauliza lile swali lake. Nikasema bado.

Jumamosi hiyo tulikuwa tumeketi, wimbo umekwisha, wageni wawili wa benki wamekaa mbele kwenye viti, maana alipenda kuwaalika waone. Papa aliinamisha kichwa upande. "Nani iko na kitu mu roho? Aseme. Hapa tuko kwetu."

"Miye."

Alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake ya jikoni, imelowa kifuani. Alikuwa ameteremka kwa miguu kutoka Muhumba, hakuna aliyemwita. Papa alianza kutabasamu kwa ajili ya wageni, akamwonyesha kwa mkono aje karibu. Hakusogea.

"Papa, niko na neno moja tu," akasema. "Nataka kujua miye ni nani. Kama miye ni mutoto yako, ita bwana yangu, muulize sababu gani alinipiga na mupini, ao rudisha ngombe za batu niwe huru. Kama miye ni mufanyakazi yako, unilipe kama bafanyakazi bengine. Chagua moja. Yoyote utachagua, nitakubali."

Sijapata kusikia swali zuri kuliko hilo kazini, na nimeketi katika vikao vingi tangu wakati ule, vyenye watu wenye digrii. Mmoja wa wale watu wa benki aligeuka kumtazama Papa, naye kwa udadisi wa kweli, akisubiri jibu.

Papa hakukasirika. Ningependa kusema alikasirika. Alichomoa kitambaa, akapangusa paji la uso, akazungumza kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, sauti kavu ya mtu wa ofisi.

"Citoyenne," akasema, "hapa ni kwenye kazi. Mambo ya nyumba tunasemea nyumbani."

Alimwita kwa neno lile ambalo alilikataa miaka yote. Citoyenne. Niliona likimpiga msichana kuliko mpini wa jembe ulivyowahi kumpiga. Alitikisa kichwa mara moja, polepole, si kwa kukataa, bali kama mtu aliyepewa mwishowe habari aliyokuwa akiifuata. Akafungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kreti, akatoka. Papa alitugeukia. "Nani tena iko na kitu mu roho?" Akampa ishara mwimbishaji, na watu wakaanza wimbo wa kiwanda upya.

Nilichukua mkoba wangu nikatoka katikati ya wimbo. Kazi niliipoteza pale pale na sijawahi kuitamani. Nilimkuta barabarani, amesimama kwenye matope, anatazama upande wa kushoto kisha wa kulia, na ndipo nilipoelewa kwamba hajui aende upande gani. Hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, kwa hasira, makamasi yakinitoka kama mtoto.

"Twende Kadutu," nikamwambia. "Twende kwangu."

Alinishika mkono, kwa nguvu kuliko nilivyotarajia.

"Nitakuya, dada. Lakini usiniambie kama ni kwetu."

"Ni nyumba ya kupanga," nikasema. "Vyumba viwili, paa inavuja, na mwenye nyumba ni mukali sana."

"Ile ni muzuri," akasema, na tukaanza kupanda.